Yule mama alikuwa anauliza kweli

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Wiki mbili zilizopita gazeti lenu lilichapa barua ya msomaji aliyetaka kila parokia iunde kikosi cha vijana wa kujibu mapigo. Alitaka vijana walioiva kwa aya, wapewe spika na jenereta, waende stendi na magulioni kuwanyamazisha wanaolitukana Kanisa. Barua ile imesambaa. Mwenyekiti wa vijana wa kigango chetu aliniletea akiwa ameikunja mfukoni, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akaniuliza: "Mwalimu, sisi tunaanza lini?"

Nimekaa na swali lake siku nane. Uchungu wa aliyeandika naujua. Hata mimi nimesimama stendi nikasikia Bikira Maria akisemwa maneno ambayo hakuna anayethubutu kuyasema juu ya mama wa jirani yake. Lakini kazi anayoipendekeza nimeifanya. Niliifanya kwa miaka, niliifanya vizuri, na watu walinisifu. Ndiyo maana namwomba yeye, na kijana wangu mwenye kalamu nyekundu, wanisikilize kwanza.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Misungwi, kusini mwa Ziwa Victoria. Nilianza mwaka 1994 nikiwa na baiskeli na Biblia moja. Biblia ile niliibandika vipande vya karatasi za rangi: nyekundu kwa habari ya sanamu, buluu kwa Bikira Maria, kijani kwa toharani na kuwaombea marehemu, njano kwa wanaouliza kwa nini tunamwita padre "baba". Mtu alikuwa hajamaliza sentensi, kidole changu kimeshafika kwenye ukurasa.

Mwaka 1999, siku ya mnada, nilikuwa chini ya mwembe na vijana wangu. Mnada wetu ni wa ng'ombe, ila siku hiyo kila kitu huwapo: mitumba, michembe, dagaa, dawa za kienyeji, na wahubiri. Kijana mmoja alikuwa anasoma aya kwenye kipaza sauti, mimi naeleza. Akapita mama mmoja na beseni la dagaa kichwani. Nilimfahamu kwa sura, akisali kwa walokole. Akasimama, akalitua beseni chini, akasema kwa sauti iliyosikika na wote: "Nyie Wakatoliki, mtu akishakufa mnamwombea nini?"

Kidole kikaenda kwenye kijani. Nikamsomea Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, pale Yuda Makabayo alipochangisha drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani. Mama akasema kitabu hicho kwenye Biblia yake hakimo. Hapo ndipo nilipokuwa namngojea. Nikamweleza vitabu 73 na vitabu 66, kisha nikamwuliza mbele ya watu kama yule aliyempa Biblia alimwambia kwamba imepunguzwa. Mnada mzima ukaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Mama akainama, akaliinua beseni peke yake mpaka gotini, kutoka gotini mpaka begani, kutoka begani mpaka kichwani. Hakuna aliyemtwisha. Hata mimi sikumtwisha. Akaondoka bila neno.

Vijana walinishangilia mpaka jioni. Usiku ule nililala na furaha ya mtu aliyemtetea mzazi wake. Jambo moja nililiona kwa macho na sikulitilia maanani: lile beseni. Anayetaka kurusha neno na kujipitia zake hatui mzigo.

Miaka minne baadaye nilikuwa Kigongo nasubiri kivuko niende Sengerema. Siku hizi tuna daraja. Wakati ule ukikuta kivuko kimeshaondoka, unatafuta kivuli. Nilikaa karibu na mama aliyekalia gunia. Tukasalimiana, na baada ya kimya kirefu akasema: "Mwalimu, mimi ndiye yule wa mnadani." Sikujua niseme nini. Akawa anaangalia maji. Kisha akasema: "Kaka yangu yumo humu."

Wasomaji wenu wa mikoa mingine huenda wamesahau. Sisi wa Mwanza hatuwezi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza ikitokea Bukoba, ikaondoka na mamia ya watu. Wengi walizikwa Igoma. Wengine hawakuonekana, na kaka wa mama huyu ni mmoja wao. Aliniambia alitembea katikati ya miili siku tatu, akiangalia miguu, kwa sababu kaka yake alikuwa na kovu la jembe juu ya kisigino. Hakulipata lile kovu. Aliporudi nyumbani, mtu aliyemheshimu katika mambo ya imani alimwambia amwache, asimtaje tena kwenye sala, kwa kuwa alikufa kabla hajaokoka na mambo yake yamekwisha. Tangu hapo, alisema, kila akipiga magoti jina la kaka yake humjia mdomoni, na yeye hulimeza.

"Nilikuuliza mnamwombea nini," akasema. "Nilitaka kujua mnasema maneno gani."

Ndugu Mhariri, nimefundisha dini kwa zaidi ya miaka 30, na sijawahi kusahihishwa vile. "Mnamwombea nini" kwa Kiswahili chetu inaweza kuwa dharau, na inaweza kuwa swali lenyewe: mnapomwombea marehemu, mnaomba kitu gani? Mimi nilisikia dharau, kwa sababu nilikuwa nimeshajipanga kuisikia. Nikampa aya mtu aliyekuja kuomba sala. Nikawaachia watu wamcheke mtu mwenye msiba wa miaka mitatu usio na kaburi.

Nilimwomba radhi pale pale. Kisha nikamwuliza jina la kaka yake, akanitajia. Halafu nikamwambia maneno tunayoyasema, ambayo kila mtoto wa Komunyo ya kwanza anayajua: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Akauliza: "Hata kama hana kaburi?" Nikamjibu kuwa Mungu hahitaji kuonyeshwa kaburi. Akauliza: "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo. Akayarudia taratibu mara mbili, mara ya pili akitia jina la kaka yake. Kivuko kikapiga honi, na mimi nikamtwisha gunia lake.

Katika daftari letu la ubatizo hayumo, wala hajapokelewa Kanisani kwetu. Bado anaimba kwaya kule kule kwao. Lakini kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya tarehe 2 Novemba, Wakristo wanapoleta majina ya marehemu wao kwenye bahasha, huleta karatasi ndogo yenye jina moja. Na akishaileta hukaa kwenye benchi la nje, tunaongea. Ameniuliza habari za Ekaristi, habari za kitubio, mwaka jana ameniuliza habari za Bikira Maria. Huuliza kama mtu anayejua kwamba hatachekwa. Miaka yangu yote ya spika haikunipa msikilizaji kama huyo hata mmoja.

Tangu siku ya kivuko, mtu akiniuliza jambo, nami humwuliza kabla sijajibu. Kwa nini linakugusa? Nani amekwambia? Limeanzia wapi? Nimekuta mwanamume aliyekuwa anashambulia rozari kwa sababu mkewe huisali usiku na yeye anaona ameachwa nje. Nimekuta kijana aliyesema kitubio ni uongo wa mapadre, na baada ya saa nzima ikawa wazi kwamba ana jambo linamla, anatafuta pa kulitua. Ningemfungulia Yohane 20, "wowote mtakaowaondolea dhambi", ningemshinda. Angeondoka na jambo lake.

Msomaji wenu ameandika kwamba wamisionari wa zamani walishinda kwa hoja. Hapo naomba nimkatalie, tena kwa historia inayotuhusu sisi wa upande huu wa ziwa. Padre Lourdel, yule Waganda waliyemwita Mapeera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans Februari 1879. Akamkuta Mackay, mmisionari wa Waanglikana, ameshatangulia. Waislamu walikuwapo kabla yao wote. Lourdel na Mackay walikuwa watu wa imani na bidii kubwa, na walibishana mbele ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, barazani, wakuu wakisikiliza. Mutesa alipenda kuwasikia. Akashangaa amfuate yupi ikiwa Wazungu wenyewe kila mmoja ana dini yake. Oktoba 1884 akafariki, hakubatizwa na upande wowote.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1882, mapadre waliona hatari, wakaondoka Buganda, wakavuka ziwa, wakaja kusini. Wakajenga misioni Bukumbi, hapa kwetu, mahali ninapofika kwa baiskeli. Walikaa nje ya Buganda mpaka 1885. Muda wote huo nani aliwaeleza Waganda habari za imani yetu? Yosefu Mukasa, mkubwa wa vijana wa ikulu, aliyekuwa nao mchana na usiku. Andrea Kagwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Matia Mulumba kule Mityana, ambaye alipita kwanza kwa Waislamu, kisha kwa Waprotestanti, akabatizwa kwetu 1882. Huyo aliijua vizuri njia ya mtu anayetafuta. Hawakuwa na baraza. Walikuwa na majirani, watumishi wenzao, watoto waliolala nao chumba kimoja. Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wengi kuliko waliowaacha.

Na kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha tunapowasimulia watoto habari za Mashahidi wa Uganda. Yosefu Mukasa alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa sababu ya kuuawa kwa Askofu Hannington. Hannington alikuwa Mwanglikana. Shahidi wetu wa kwanza wa Buganda alikufa akimtetea askofu wa upande wa pili, upande ule ule waliokuwa wakibishana nao barazani. Karoli Lwanga akashika nafasi yake, na Mei 1886, walipojua kuwa kifo kimefika, aliwabatiza usiku vijana waliobaki, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Kila Juni basi la parokia yetu linavuka mpaka wa Mutukula kwenda Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi hao, na vijana wanaotaka spika ndio huimba kwa nguvu kuliko wote njiani. Nawapenda kwa hilo. Ningependa basi likirudi wamfikirie Yosefu Mukasa kila wanapotaka kumwita mlokole jina baya.

Sasa nieleze ninachokijua juu ya jinsi watu wanavyoshawishika kweli, maana nimewaandaa watu wazima kwa Mkesha wa Pasaka mwaka baada ya mwaka, na huwa namwuliza kila mmoja kilichomleta. Aliyetaja mhadhara simkumbuki. Nitamtaja mmoja, mvuvi wa dagaa kambi ya jirani. Alikuja jioni moja akiwa bado ananuka mafuta ya taa, akasema anataka mafundisho. Nikamwuliza sababu. Akasema ni shilingi elfu tatu na mia nne.

Ilikuwa hivi. Mke wa mwenzake, Mkristo wa jumuiya yetu, alifariki. Jumuiya ikachanga, ikanunua sanda, mbao, mchele, maharage. Siku ya tatu mhasibu wa jumuiya, mama mmoja ambaye hajavuka darasa la nne, alisimama na daftari la shule lenye jalada lililochanika, akasoma matumizi yote, mpaka viberiti. Zikabaki 3,400. Akamkabidhi mfiwa mkononi mbele ya watu, noti na sarafu, akamwomba ahesabu. Yule mvuvi alikuwa amekaa nyuma, kwenye mchanga. Maisha yake yote ameibiwa kwenye mizani: anapopima dagaa, anapokopa mafuta, anapolipwa. Aliniambia: "Mwalimu, sijawahi kuona chenji ya msiba ikirudi. Nataka kujua mnafundishwa nini." Yule mama hakujua kwamba anahubiri. Alikuwa anafunga hesabu.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokazia jumuiya ndogondogo mwaka 1976, naamini walikuwa wanaona jambo la namna hii. Watu kumi na tano wanaojuana, wanaoweza kuonekana na jirani asiye wa dini yao akiwa amekaa nyuma.

Nisieleweke vibaya. Sisemi vijana wasijifunze. Ujinga wetu Wakatoliki kuhusu imani yetu unanisikitisha kuliko matusi ya wengine. Kijana amepata Kipaimara, ukimwuliza kwa nini anapiga goti mbele ya tabernakulo anacheka. Wafundishwe: makerubi wa Kutoka 25, maneno ya Paulo kwa Wakorinto kwamba yeye aliwazaa kwa Injili, Yohane 6 yote, si nusu. Biblia yangu bado ina karatasi zake, ingawa rangi zimepauka. Lakini mtume Petro, katika ile aya wanayoipenda, ya kuwa tayari kumjibu kila mtu, ametaja mambo mawili ambayo barua ya msomaji wenu imeyaacha. Petro amesema tumjibu "awaulizaye", na amesema iwe kwa upole na kwa hofu. Asiyeuliza hajatajwa. Na anayeuliza ni lazima kwanza umsikie anauliza nini.

Wafundishwe pia kusema "sijui". Jirani yangu fundi wa mitumbwi ni Mwislamu, mtu mwenye elimu ya dini yake. Miaka kadhaa iliyopita aliniuliza jambo juu ya Utatu Mtakatifu ambalo lilinizidi. Nikamwambia sijui, nitamwuliza paroko. Nilirudi baada ya wiki mbili na jibu, akalisikiliza mpaka mwisho, hakukubaliana nalo, akanishukuru. Kisha akasema kwamba tangu siku ile ananiamini katika yale ninayosema nayajua. Tumekwenda hivyo mpaka leo. Ramadhani nakula futari kwake, Noeli yeye na wanawe wapo kwangu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulisema ukweli humwingia mtu kwa nguvu ya ukweli wenyewe. Mimi nimeuona ukweli huo ukifanya kazi kwenye benchi, tukimenya mihogo.

Nina neno pia juu ya zile video fupi. Zinatumwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp: mchungaji fulani amekwama, shehe fulani amenyamazishwa na kijana Mkatoliki. Tunazituma na vikaragosi vya kucheka. Naomba kila anayetaka kutuma amwangalie kwanza usoni yule aliyeshindwa. Ana mke anayeiona video hiyo, ana watoto shuleni. Nani kati yao atakuja kututafuta akifikwa na jambo?

Kwa msomaji wenu nina ombi dogo. Kabla ya kununua spika, kikundi chake kifanye mwezi mmoja wa kwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, bila kufungua Biblia mpaka waombwe. Wakirudi, kila mmoja aeleze aliyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, na wenzake waseme wanadhani aliyauliza kwa nini. Semina ya vijana wa parokia yetu ni mwezi ujao. Nimemwomba paroko anipe siku moja niwafundishe hivyo, naye amekubali. Mwenyekiti wangu wa kalamu nyekundu nimempangia nyumba ya kwanza. Ni ya yule mama wa dagaa, ambaye amesema aje tu, ila asije mchana, yuko ziwani anaanika.

Ukiichapa barua hii kabla ya semina, Mhariri, nitashukuru sana.

Wenu katika Kristo,

Katekista wa kigango,
Misungwi, Mwanza
(jina nimeliacha kwa ajili ya yule mama)